MUULIZE FUNDI: Nimefunga turbo kubwa, mbona gari inakohoa?

Mwezi huu barua za turbo zimezidi hata za gia boksi, sijui watu mmepata wapi hela za kuagiza vifaa. Nimechagua tano. Ombi langu ni moja tu, mkiniandikia msiseme "gari haina nguvu" mkaishia hapo, niambieni mlifunga nini na nini, kipi kilianza kipi kikafuata, na tatizo mlilisikia siku gani, maana nusu ya jibu huwa imelala humo humo.

Habari fundi. Mi niko Kimara, Dar. Nina Forester SG5 manual, enjini EJ205. Nimetoa turbo yake ya TD04 nikaweka TD05 iliyo kubwa zaidi, nikaweka daunipaipu (bomba la eksozi linaloanzia kwenye turbo) ya inchi 3 haina katalisti, bomba la kuvutia hewa pana, na blou-ofu ile ya kutoa hewa nje ipige pshhh. Sasa nikiachia mafuta nibadilishe gia gari inakohoa na kutoa moshi mweusi, nikifika foleni ya Ubungo nikikanyaga klachi inazima. Alafu nikiikanyaga gia ya tatu ikifika mizunguko 4,500 hivi inakatwa ghafla kama mtu kanivuta shati kwa nyuma. Nimeshabadilisha plagi, koili zote nne na pampu ya mafuta. Fundi wangu anasema turbo niliyouziwa ni mbovu niirudishe. Hela zimeisha fundi, nifanyeje?

Pole kaka. Hiyo turbo usiirudishe kwanza, kwa ulivyoeleza sioni kosa lake. Una magonjwa mawili tofauti yamepanda gari moja siku moja, na nyie mnayatibu kama ugonjwa mmoja ndo maana kila dawa inagoma.

La kukohoa na kuzima ni blou-ofu. SG5 inapima hewa kwa ile sensa ya MAF iliyoko pale kwenye boksi la filta, kabla hewa haijafika kwenye turbo. Kila hewa inayopita pale kontroli boksi (kompyuta ya enjini) inaihesabu na kuandaa petroli ya kuitosha. Sasa wewe ukiachia mafuta, hewa iliyosongamana kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) inatoka nje kupitia blou-ofu, wakati ilishahesabiwa! Petroli yake inamwagwa vilevile. Umepikia wageni kumi wamekuja watatu. Ndo huo moshi mweusi, plagi zinalowa, na mizunguko ikishuka enjini inashindwa kujishika inazima. Ya kiwandani hairushi hewa nje, inairudisha kwenye bomba, baada ya MAF, ili hesabu isivurugike.

Pshhh ni tamu najua, hata mi nilikuwa nayo nikiwa kijana nikapita nayo mbele ya baa makusudi. Ila kwenye gari ya MAF gharama yake ndo hiyo. Rudisha ya kiwandani, au nunua inayorudisha hewa, au kama lazima upige kelele basi uhamie tyuni (mpangilio mpya wa kompyuta ya enjini) isiyotumia MAF, inayosoma presha ya manifoldi, na hiyo ni hela nyingine kabisa. Kuna kipimo cha bure hapo: washa gari, iache sailensi (bila kukanyaga mafuta), weka kidole kwenye mdomo wa blou-ofu. Kama inakivuta kidole basi springi ni laini, inafunguka sailensi na kuvuta hewa ambayo haijapimwa na mtu. Kaza springi mpaka iache kuvuta.

Hapo hapo niangalizie lile bomba pana. Kama upana umeanzia baada ya MAF sina neno nalo. Ila kama MAF yenyewe imehamishiwa kwenye bomba pana, hewa ni ileile lakini inapita taratibu kwenye waya wa sensa, sensa inasoma pungufu, petroli inakuja pungufu, na petroli pungufu kwenye busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ndo inayoyeyusha pistoni. Hilo ukilikuta usiikanyage hiyo gari mpaka ityuniwe.

Tuje kwenye kukatwa. Hujaniambia geji ya busti inasoma ngapi, nashuku huna geji. Kaka umenunua turbo, umenunua daunipaipu, geji ukaruka! Kwa dalili hiyo, ninachodhani ni kontroli boksi inaona busti imezidi kiwango chake inakata petroli kuokoa enjini, yaani inakusaidia. Swali ni kwa nini busti inazidi, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni solenoidi ya busti au mipira yake, mpira mmoja umechomoka au umepasuka basi westigeti (mlango unaopitisha gesi ya eksozi pembeni busti ikitosha) haipati taarifa, haifunguki. Ya pili ni kwamba eksozi umeiachia sana, gesi inapita kwa wingi na kile kitundu cha westigeti ndani ya turbo ni kidogo, kinashindwa kuipitisha pembeni hata kikiwa wazi chote, hivyo busti inapanda yenyewe kadiri mizunguko inavyopanda.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika kumi. Funga geji, ruka solenoidi kabisa, chukua mpira mmoja kutoka upande wa turbo unaotoa hewa uupeleke moja kwa moja kwenye aktueta ya westigeti (kile kikopo kinachoifungua). Hapo busti inatakiwa ikae kwenye nguvu ya springi tu, aktueta nyingi za kiwandani ni kama 0.5 mpaka 0.7 bar. Tafuta barabara tupu (sio Kimara tafadhali), gia ya tatu, anzia 2,500 uende juu huku mtu mwingine anaangalia geji. Ikishika pale pale bila kupanda, turbo na eksozi ni nzima, mchawi ni solenoidi au mipira. Ikianza 0.6 ikawa inapanda 0.8, 1.0, 1.1 kadiri mizunguko inavyoongezeka, hiyo ni kitundu kidogo, inabidi turbo ishuke kitundu kipanuliwe kwa grainda na kulainishwa, fundi mwenye mkono mzuri anamaliza siku moja. Solenoidi mpya hapo haikusaidii hata ununue ya dhahabu.

Na kabla ya yote hayo pima kuvuja. Nunua kizibo cha bomba la PVC kinachoingia kwenye mdomo wa bomba la hewa baada ya MAF, toboa, weka valvu ya tairi, jaza upepo mpaka 0.7 hivi, usizidishe sana, alafu pita na maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Utashangaa. Mipira ya silikoni ikiwa na oili ndani inateleza, isafishe ikauke kabla ya kufunga, na mwisho wa bomba uwe na ukingo ulioinuka, bomba laini hata uweke klempu nne litachomoka tu. Vijana wengine wanapuliza spree ya nywele kwenye bomba kabla ya kuvalisha mpira, ikikauka inashika kama gundi. Nilicheka mara ya kwanza, siku hizi nafanya mwenyewe.

Mwisho wa yote bado unahitaji tyuni, TD05 kwenye mapu (jedwali la petroli na cheche ndani ya kompyuta) ya kiwandani haina maisha. Na injekta (zinazopuliza petroli) nazo zihesabiwe, kwa haraka haraka ukitaka farasi 300 kwenye silinda nne unahitaji injekta za kama cc 590 kwa dakika ili zifanye kazi kwa asilimia 80, sio zilie muda wote. Koili zako za zamani usizitupe, nina uhakika zilikuwa nzima.

Niaje fundi. Mimi niko Nairobi, gari ni Impreza, EJ20, kompyuta yake ni ya kufungwa (sio ya kiwandani) haina MAF, inatumia sensa ya presha. Ilityuniwa hapa hapa Nairobi, 1.2 bar, iko sawa kabisa mwaka mzima. Disemba nimeshuka nayo Mombasa na familia, mara nikianza kuovateki trela huko chini naskia sauti kama kokoto kwenye mkebe, na geji ya mchanganyiko (hewa kwa petroli) inaenda mpaka 12.8 wakati Nairobi haikuwahi kupita 11.5. Nimerudi Nairobi imenyamaza. Jamaa wa spea Kirinyaga Road ananiambia ni mafuta mabaya ya njiani. Ni kweli?

Mafuta mabaya yanaweza kuchangia, ila hata ungebeba petroli yako kwenye ndoo kutoka Nairobi ingelia vilevile. Gari yako imeshuka mlima, basi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa pale ina mgandamizo wa kama kPa 82. Mombasa ni kama 101. Geji yako ya busti inapima kinachozidi hewa ya nje, haijui uko wapi. Kwa hiyo 1.2 bar (yaani kPa 120) ya Nairobi ni 82 jumlisha 120, unapata 202. Hiyo hiyo 1.2 ya Mombasa ni 101 jumlisha 120, unapata 221. Geji inasoma namba ileile huku enjini inameza hewa zaidi kwa karibu asilimia kumi. Sasa aliyekutyunia alikuwa Nairobi, hakuwahi kuifikisha gari 221 kwa sababu pale haifiki, zile sehemu za juu za mapu zimebaki na namba za kubahatisha au hazipo kabisa. Na kama injekta zako Nairobi zilikuwa kwenye asilimia 90, Mombasa zinatakiwa ziende 99, yaani zimeisha, petroli inakuwa pungufu kwa hewa, ndo hiyo 12.8 unayoiona. Ongeza joto la Pwani, intakula ya juu ya enjini imekaa kwenye trafiki ya Changamwe inachemka kama sufuria, hapo mafuta yanajilipukia yenyewe kabla moto wa cheche haujayafikia. Hizo ndo kokoto zako, kwa Kiingereza knock.

(Huku kwetu Tanzania mtu akisema gari imenoki anamaanisha enjini ishakufa, beringi za krenki zinagonga. Yako haijafika huko, inakuonya tu. Ukiendelea kukanyaga ndo utajua Kitanzania.)

Cha kufanya ukishuka tena: shusha busti iwe 1.0. Piga hesabu, 101 na 100 ni 201, umerudi pale pale ulipotyuniwa, nguvu ni ileile ya Nairobi na turbo inafanya kazi pungufu kufika hapo. Mwambie aliyekutyunia akuwekee mapu mbili na swichi, au aiwekee kompyuta lengo la presha kamili (hewa ya nje jumlisha busti) badala ya presha ya geji, kompyuta nyingi za kufungwa zinaweza. Ila na hapo aweke lengo la 202, sio 221. Akiweka 221 ili Mombasa uwe na raha, ukirudi Nairobi turbo italazimika kugandamiza hewa nyepesi mara 2.7 badala ya 2.2 ya Mombasa, itazunguka kupita uwezo wake, beringi zinakufa mapema na wewe utaniandikia tena kuhusu moshi. Na kama gari italia tena kabla hujafanya haya, achia mafuta tu, trela liache liende.

Shikamoo fundi. Naandika kutoka Mwanza, naitunza Mark II ya marehemu kaka yangu, JZX100 yenye 1JZ ya turbo. Turbo yake ya asili ilikufa, tukanunua used ikawa inatoa moshi wa bluu, tukaambiwa imechoka. Sasa tumeagiza mpya kabisa, ya beringi za gololi, nayo moshi. Ikitembea haina shida sana, ila ikikaa sailensi dakika tano nikiondoka barabara nzima haionekani, naona aibu. Kila fundi ananiambia nimeuziwa turbo feki. Turbo tatu fundi, zote mbovu?

Marahaba dada, na pole kwa kaka. Turbo tatu zote mbovu sio rahisi, tatu zinapolia mahali pamoja angalia mahali penyewe.

Watu wanadhani turbo ina sili ya mpira kama ya krenki. Haina. Ina viringi vyembamba vya chuma kama ringi za pistoni, na vinategemea oili ikishamaliza kazi iondoke upesi. Oili inaingia kwa presha lakini inatoka kwa kuanguka tu, tena ikiwa imejaa hewa kama povu la uji uliofurika. Chochote kinachoizuia kuanguka kinaijaza turbo, na ikijaa inapita kwenye viringi inaingia kwenye eksozi. Dalili yake ni hiyo yako hasa, inajikusanya sailensi, inaungua ukiondoka.

Kwa hiyo fundi wako aanze na bomba la kurudisha oili. Lifunguliwe, lisiwe limekunjwa, lishuke wima kadiri inavyowezekana lisilale, na litue kwenye sampo (bakuli la oili chini ya enjini) juu ya usawa wa oili. Aangalie gasketi pale kwenye turbo, mafundi wetu wanapenda sana kupaka silikoni nyekundu kila mahali, ikibanwa inatokeza ndani na kuziba nusu ya tundu. Nimeshatoa kipande kama kidole. Alafu oili yenyewe, kijiti kikisoma zaidi ya alama ya juu, punguzeni.

Cha pili na hiki ndo nakishuku zaidi kwenye hii ya tatu: turbo ya beringi za gololi inataka oili kidogo. Ukiifungia bomba la kuingiza oili la turbo ya zamani bila kizuizi unaifurisha. Kizuizi ni kinati chenye tundu la kama milimita 1 pale oili inapoingia. Turbo ya bushi za kawaida haikitaki, inataka oili nyingi, kwa hiyo mtu asije akasoma hapa akaenda kuziba ya kwake akaiua.

Cha tatu, enjini ipumue. Kama kuna mtu alifunga kopo la kukusanya oili na mipira myembamba, au aliziba zile njia za upepo kwenye kava la valvu ili "isichafue", presha inajaa chini kwenye sampo na kuzuia oili ya turbo isishuke. Ikiwa sailensi fungua kifuniko cha oili. Upepo kidogo ni kawaida, ukitoka moshi unasukuma kama birika basi ringi za pistoni zimechoka na turbo ya nne haitakusaidia.

Na intakula mliitoa mkamwaga oili ya turbo zilizopita? Hiyo na iliyolala kwenye eksozi vinaweza kutoa moshi siku kadhaa hata turbo ikiwa nzima, usiihukumu siku ya kwanza. Kuhusu ya asili kufa, zile za JZX100 zina turbini ya kauri, nyepesi inaamka haraka, ila ukipandisha busti na joto inapasuka vipande inatoka kwa eksozi. Sitashangaa kama kaka aliongeza busti kidogo, enjini ile inamshawishi mtu.

Fundi nimenunua pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa kwa bei ya kutupa, ina jina kubwa na boksi zuri. Nitajuaje kama ni feki? Jirani ananiambia niitumbukize kwenye ndoo ya petroli niishike na waya wa betri. Msomaji, Morogoro.

Boksi halisemi kitu siku hizi, wanaochapa boksi wamekuwa mafundi kuliko wanaotengeneza pampu. Ipime ikiwa kwenye gari. Funga geji ya presha ya petroli kwenye reli, toa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta, gari nyingi zitasoma karibu bar 3. Rudisha mpira, funga geji uione ukiwa unaendesha, ukiwa na busti ya 1 bar lazima isome 4, kila bar ya busti inapandisha bar moja ya petroli. Ikipanda mpaka 3.6 ikaanza kuzama hapo pampu imeshindwa. Lakini usiilaumu kabla hujapima umeme kwenye plagi yake enjini ikiwa inafanya kazi, nyaya za miaka 20 zikikupa volti 11 badala ya 13.5 hata pampu OG italegea. Ipigie waya mnene mpya kutoka kwenye betri na rilei, upime tena. Kuitumbukiza kwenye ndoo ya petroli na kuishika na waya wa betri kama alivyokuambia jirani yako, hapana, hapo unapima bahati.

Tuna Land Cruiser mkonga ya 1HZ, tumeifungia seti ya turbo ili ipande mlima Kitonga na mzigo. Inapanda, ila moshi mweusi ukianza kuondoka na sindano ya joto la maji imeanza kucheza. Wazee wa kijiweni wanasema dizeli haiogopi turbo. Msomaji, Iringa.

Hao wazee wanaifikiria 1HD-T, hiyo ilizaliwa na turbo. 1HZ ilizaliwa bila, mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1 wakati 1HD-T ni 18.6, kwa hiyo busti iwe ndogo, 0.5 mpaka 0.7 bar, usiende mbali. Moshi wa kuondokea unatokana na mtu kuongeza dizeli kwa ile skrubu ya pampu, na pampu ya 1HZ haina kile kifaa cha kusubiri busti ndo iongeze mafuta, inamwaga yote hata turbo ikiwa bado imelala. Rudisha skrubu nyuma robo robo mpaka moshi upotee, utapoteza nguvu kidogo, kubali. Alafu funga geji ya joto la eksozi na usiiache ikae juu ya digrii 700 mlimani, ikifika punguza gia, achia mafuta. Hiyo sensa yake itobolewe kwenye manifoldi kabla ya turbo. Ukiiweka baada ya turbo kwa sababu ni rahisi kufikia itakusomea chini kwa digrii 100 na zaidi, utapanda Kitonga yote unaona 600 kumbe kichwa cha enjini kinapasuka.